Mashine ya Twafwane na Kufuli la Katongo

Jumapili, 4 Agosti

Daftari jipya, jalada la bluu. La zamani limejaa mapishi na majina ya waliozaa.

Leo kanisani nimetangaza. Sikupanga — mdomo ulitangulia, mimi nikaufuata. Mchungaji aliuliza kama kuna kikundi chenye habari njema, nikajikuta nimeshasimama. Nikasema: mashine ya kusaga ya kikundi chetu cha akina mama, Twafwane, imefika, mota yake ni ya umeme, si ile ya dizeli iliyokuwa ikitujaza masizi puani. Itazinduliwa Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Diwani atakuwepo. Na atakayeiunganisha ni binti yangu Katongo, fundi umeme wa mgodini.

Makofi. Bana Chola, makamu wangu, akanivuta kitenge. "Mwenyekiti, tarehe hiyo tulikubaliana lini?" Nikamwambia tumekubaliana sasa hivi.

Diwani bado hajui. Kesho sikukuu ya wakulima, nitamfuata nyumbani. Katongo naye hajui, yuko zamu.

Hapa Luanshya hakuna anayeniita jina langu tena. Ni Bana Katongo, mama wa Katongo, na sitaki jingine. Wapo wanaoitwa kwa majina ya watoto ambao — lakini leo Jumapili, sisengenyi.

Jumanne, 6 Agosti

Diwani amekubali. Nilimkuta na kaptura, akaona haya, akakubali haraka.

Katongo amefika, ana mapumziko ya siku tatu. Nimempikia nshima, ugali wetu, na kisamvu cha karanga, nikangoja amalize sahani ya pili ndipo nikamwambia tarehe. Akanawa mikono taratibu.

"Mama, ungeniuliza."

Nikamwambia: wewe kule mgodini unaunganisha mota za volti elfu tatu na mia tatu, hii yetu ya mia nne itakushinda?

"Mia nne inaua vilevile. Haioni aibu udogo wake."

Nimeipenda. Nimeiandika nisiisahau. Nitamwambia Bana Chola kama yangu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeshinda naye bandani kwenye mashine. Watoto wa wenzangu wanarudi kutoka kazini na kalamu mfukoni. Wangu anarudi na kufuli.

Jekundu, dogo, linang'aa. Kwanza ameshusha swichi kuu ya ukutani, akatia kufuli lake, akaning'iniza kadi. Kadi ina picha yake, amekaa kama mgombea ubunge, na maandishi: HATARI, NIKO KAZINI, USIWASHE. Ufunguo ni mmoja tu, ameuvaa shingoni ndani ya shati. Mtu akitaka kuwasha lazima amtafute mwenye shingo.

Kisha ametoa kipimo chake. Anakigusisha kwanza penye umeme, halafu kwenye nyaya zetu, halafu anarudi tena penye umeme. Nikamuuliza kwani hicho kidude ni mwongo hadi ukihoji mara tatu?

"Betri yake ikifa katikati, Mama, itaniambia hakuna umeme. Na mimi nitaamini."

Kule mgodini, anasema, hata meneja haruhusiwi kugusa kufuli la mtu. Kuna fundi alikwenda nyumbani akalisahau lake kwenye swichi. Kinu kizima cha kusaga mawe kikalala kwa muda wa saa tatu. Gari likatumwa kumtoa fundi mezani, tonge mkononi, aje alifungue mwenyewe, na meneja amesimama anasubiri. Nimeisimulia mara nne leo. Mara ya nne fundi huyo nimemfanya Katongo.

Bana Chola amekuja na mpwa wake Lengwe, yule anayetengeneza pasi na televisheni sokoni. Lengwe ametazama kufuli akacheka. Anasema yeye hahitaji vitu hivyo, ratiba ya mgao wa umeme ndiyo swichi yake. Umeme ukikatika anafanya kazi, ukikaribia kurudi anaacha. "Nani avue viatu kuvuka mto uliokauka?"

"Na ukirudi kabla ya saa?" Katongo akamuuliza.

"Hao? Tangu lini wakawahi?"

Banda zima likacheka. Na mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Siku hizi umeme tunapewa kama dawa ya kikohozi, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Katongo hakucheka. Alirudi kwenye waya wake.

Ijumaa, 9 Agosti

Ameondoka. Kazi yake ni safi! Mota imefungwa chini kwa boliti, waya umelala kutoka swichi hadi kwenye mota, umenyooka kama mstari wa kwaya. Kilichobaki ni fimbo ya shaba ya kuzika ardhini. Amenieleza: umeme ukitoroka ukaingia kwenye chuma cha mashine, upate njia ya kwenda chini, usipite kwa mama aliyeegemea na debe lake. Luanshya nzima fimbo hiyo haipo. Ataitafuta Kitwe.

Sasa shida. Zamu yake inaanza kesho, inaisha Jumamosi ileile ya uzinduzi, jioni. "Nitakuja Jumapili tarehe kumi na nane, nimalize. Diwani aje siku nyingine."

Diwani aje siku nyingine. Kana kwamba diwani ni muuza dagaa wa kapenta.

Kufuli ameliacha pale swichini. Ufunguo ameondoka nao.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimewaambia akina mama mambo yanakwenda. Ni kweli yanakwenda. Sikusema wapi.

Bashi Katongo, baba yake, anasema niahirishe. "Mwanao amekwambia. Wewe si ndiye unayemsifu kuwa anajua?" Nikamwambia yeye amestaafu, mimi bado nina cheo. Akaongeza sauti ya redio ili asinisikie. Hapohapo umeme ukakatika. Tukabaki tunatazamana.

Vitenge vya sare vimeshashonwa. Kijani na njano. Nimevaa changu jikoni.

Jumatano, 14 Agosti

Bana Chola si mtu mbaya. Niandike hilo kwanza.

Amekuja asubuhi, amekaa, amekunywa togwa yetu ya munkoyo, hana haraka. Anasema watu wameanza kuuliza. Anasema yeye ananitetea. Anapokutetea Bana Chola ujue umekwisha. Halafu anasema, "Lengwe anaweza kutusaidia hiyo Jumamosi moja tu. Binti yako atamalizia Jumapili. Nani atajua?"

Nikasema kufuli la mwanangu haliguswi. Tulipofika bandani Lengwe naye akalitazama, hata kofia akavua. "Siligusi, Bana Katongo. Nitalipita kando."

Na kweli amelipita. Banda letu na karakana ya Siame, fundi wa kuchomelea, yamepeana migongo, ukuta ni mmoja, na Siame ana umeme uleule wa nyaya tatu. Lengwe amevuta waya kutoka kwa Siame, akaupitisha dirishani, akauunganisha katikati ya waya wa Katongo, akafunga utepe mweusi, akarundika magunia matupu juu yake. Huoni kitu. Amefanya yote hayo umeme ukiwa umekatika. Ratiba ilisema unarudi saa nane.

Amemaliza, amenyanyuka, amenawa mikono. Hata maji hayajakauka, redio ya kinyozi ng'ambo ikaanza kuongea, na papo hapo mashine yetu ikanguruma. Yenyewe, hakuna aliyeigusa. Kumbe swichi ya Siame ilikuwa juu muda wote, hakuna aliyekumbuka kumuuliza. Saa ilikuwa saba na robo.

Lengwe aliitazama mikono yake kidogo. Kisha akacheka, na sisi tukacheka, na Bana Chola akapiga vigelegele. Mashine ina sauti tamu. Kama gari moshi linalokwenda mbali. Siame akaizima, tukakumbatiana.

Sasa nina uzinduzi. Na kufuli liko palepale, halijaguswa. Kwa hiyo sijavunja neno.

Alhamisi, 15 Agosti

Katongo amepiga simu kutoka kambini. Ameipata fimbo. Ameuliza kama kuna mtu amegusa kitu. Nikasema nani athubutu, mwanangu, na picha yako imewatolea macho vile. Akacheka.

Nikamuuliza kama anakula vizuri.

Ijumaa, 16 Agosti

Kuku watatu wamechinjwa. Mchele umechaguliwa. Kwaya ya akina mama imeniliza, wimbo mpya una jina langu ubeti wa pili, sikuomba — niliwaonyesha tu mahali linapoweza kukaa.

Nimepita kwa Siame. Kesho umeme unarudi saa nne kamili, diwani anafika saa nne na nusu. Nimemwambia mashine iwake yenyewe umeme ukirudi, kama Jumatano, diwani akute inanguruma. Siame ni mtu wa neno moja. "Sawa, Bana Katongo."

Kesho jioni Lengwe atautoa waya wake. Jumapili Katongo atamalizia, hatajua kitu. Wageni wakiuliza kuhusu kufuli nitasema ni desturi ya mgodini.

Jumamosi, 17 Agosti

Amekuja! Saa moja asubuhi nageuza mkaa nasikia hodi, ni Katongo, fimbo ya shaba begani kama askari. Amebadilishana zamu na mwenzake, na wiki ijayo atalipa kwa kufanya zamu mbili mfululizo. Amepanda gari la kwanza kutoka Kitwe, hajalala vizuri, macho mekundu.

"Sikutaka usimame mbele ya watu na mashine iko kimya, Mama."

Nililia kidogo. Nikasema ni moshi.

Nani mwingine ana mtoto kama huyu? Mtaa huu wote, nani? Bashi Katongo amekwenda naye kumshikia fimbo, nimesikia nyundo hadi huku jikoni. Saa tatu kasoro amerudi kunywa chai, amesimama tu, hajakaa. Fimbo imeshuka ardhini hadi shingoni. Sasa anafungua boksi la mota, afunge waya wa ardhini, akaze nyaya zote upya moja moja. Nikamwambia fanya haraka, umeme unarudi saa nne. Akatabasamu. "Urudi tu. Nimepima, hakuna kitu, na kufuli langu liko pale. Nitaendelea hadi nimalize. Saa nne na nusu wewe mwenyewe utapandisha swichi."

Mimi mwenyewe. Mbele ya diwani.

Nimekaa kidogo kuandika haya kuku wakichemka. Waya wa Lengwe nimeona nisiutaje. Kwa nini nimharibie asubuhi yake? Umejificha vizuri nyuma ya magunia, hataugusa, ana kazi kwenye mota. Jioni utatoka, yatakwisha. Diwani atasikia mashine iliyounganishwa na Katongo kweli, si ya kuazima kwa Siame. Siame nitamwambia asijisumbue tena kuwa

Siame sijamwambia.

Nilimwambia umeme ukirudi mashine iwake yenyewe. Saa nne. Katongo saa nne atakuwa na mikono yote miwili ndani ya mota. Amepima hakuna kitu kwa sababu sasa hivi Luanshya nzima hakuna kitu. Kufuli lake liko kwenye swichi yetu. Umeme wa Siame haupiti kwenye swichi yetu

Jumamosi, 17 Agosti, karakanani kwa Siame

Nimekaa chini, sakafuni, juu ya vumbi la chuma, na kitenge changu cha sare. Ninaandika kwa sababu sina ruhusa ya kusimama. Daftari nilikimbia nalo, sijui kwa nini. Kuku nimewaacha jikoni. Waungue.

Nilikimbia na kandambili moja. Kwaya walikuwa uani wanafanya mazoezi, wakadhani nacheza, wakaongeza sauti. Nilimkuta Katongo amepiga magoti, mkono umezama ndani ya boksi la mota hadi kwenye kiwiko.

"Toka."

"Dakika mbili, Mama."

"Toka, kuna waya mwingine."

Alitoa mkono taratibu sana. Hakupaza sauti. "Unatoka wapi?" Nikaonyesha magunia. Akayaondoa kwa ncha ya mpini wa nyundo, akauona utepe mweusi, akaufuata waya kwa macho hadi dirishani. Nikasema yote. Lengwe, Jumatano, Siame, saa nne. Nikasema na simu ya Alhamisi, jinsi nilivyomdanganya. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni na koleo, akatoka nje.

Angenigombeza ningefurahi. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, vile lilivyokuwa likimtoka akiwa na miaka mitatu na homa.

Tukazunguka kuja huku. Siame alikuwa anakunywa uji. Swichi yake iko juu. "Mama yako alisema iwake yenyewe," akasema, "nimeipandisha tangu alfajiri, nisije nikasahau."

Tangu alfajiri. Mtu wa neno moja.

Katongo akaishusha. Akatafuta mahali pa kutia kufuli. Swichi ni ya zamani, haina tundu, na kufuli lake moja liko kule kwetu. Akanigeukia.

"Kaa hapa. Mgongo ukutani, swichi iwe nyuma ya kichwa chako. Naenda kuutoa ule waya, halafu nipime kila kitu upya tangu mwanzo. Mtu akikuambia uondoke, yeyote, usiondoke. Nitakuja mimi mwenyewe kukuinua."

"Hata mchungaji?"

"Hata mimi nikituma mtu. Nije mwenyewe."

Basi nimekaa. Siame ameniletea gunia la kukalia, nimekataa, ningelazimika kunyanyuka. Ananizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ana mlango wa watu wa kuchomelea, anasema, ameahidi leo. Nimemwambia ngoja. Mgodini wana makufuli. Hapa kuna mimi, kilo tisini na mbili.

Umeme umerudi. Taa ya Siame, ambayo haipiti kwenye swichi hii, imewaka juu ya kichwa changu, saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Wamewahi tena. Nimesikiliza ng'ambo ya ukuta. Kimya. Kimya kirefu. Halafu bisibisi imeanguka kwenye saruji, na sauti yake ikimwambia baba yake sogeza tochi.

Sijui nitaandika nini hapa. Nimempa Mungu shukrani zote nilizonazo, zimekwisha, nimeanza tena.

Bana Chola amekuja. Amesimama mlangoni, kitenge kimenyooka, kilemba juu.

"Mwenyekiti, mbona uko chini? Diwani amefika. Mashine haisikiki. Watu wanauliza nani anampokea."

"Mpokee wewe."

"Mimi?"

"Wewe ni makamu. Mwambie mashine haijawa tayari. Mwambie tarehe niliitaja mimi bila kumuuliza fundi."

Nilidhani atacheka. Ameuliza, kwa sauti ndogo, kama ule waya wa Lengwe bado uko. Nikasema Katongo anautoa. Akashika mdomo. Kisha akasema atawapa wimbo mrefu, ule wenye beti tisa, na akaondoka haraka, na nimesikia wakianza. Jina langu limepita ubeti wa pili. Sikulitaka.

Ni saa tano sasa. Wimbo umekwisha, umerudiwa, umekwisha tena. Katongo hajaja. Nasikia anapima: anataja namba, baba yake anazirudia. Sauti yake haina haraka hata kidogo. Umati wote ule nje na haina haraka.

Kuna mtu amemwambia diwani mama mwenye mashine yuko kwa Siame. Anakuja mwenyewe, nasikia wasaidizi wake wakisema pisheni, pisheni. Kwetu mwanamke hampokei mkubwa akiwa amekaa kitako. Unapiga goti, unapiga makofi ya chini chini, unainamisha kichwa. Mama yangu angenizika hai. Siame ananinong'oneza, "Bana Katongo, nakuomba, inuka kidogo tu, msalimie, urudi ukae. Mimi nitaiangalia swichi."

Nimemwambia kaa mbali na hapa.

Viatu vya diwani vimefika mlangoni, vyeusi, vimepigwa rangi. Nitampigia makofi hapahapa nilipo.